Radi Haina Ukoo

Polisi walipofika Pajulu, Serge alikuwa ameshapoteza meno ya mbele, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Wajomba wa marehemu walikuwa wamemfunga kwenye mkaratusi kwa kamba ya ng'ombe, mikono nyuma. Mwanamume mmoja alikuwa akimmwagia petroli kwenye suruali, taratibu, kama anayemwagilia mche wa kahawa.

Inspekta Driwaru hakungoja gari lisimame. Aliruka chini, akatoa bastola na kupiga risasi moja juu. Majani ya mkaratusi yakadondoka. Kuku walitawanyika. Watu hawakutawanyika.

"Weka jerikeni chini," alisema.

Mwenye jerikeni hakumtazama yeye. Alimtazama mzee aliyekaa kwenye kiti cha mbao karibu na kaburi lililokwisha kuchimbwa, panga limelala juu ya magoti yake. Huyo alikuwa Mzee Adriko, kaka wa mama wa marehemu. Alikuwa amekuja na watu wake asubuhi kutoka Koboko, lori zima. Kwa desturi ya huko, maiti haishuki kaburini kabla wajomba hawajauliza: mtoto wetu ameuawa na nini, na nani atajibu? Wasipojibiwa kwa mdomo, hujibiwa kwa moto.

"Afande, unapiga risasi kwa kilio ya watu," mzee alisema. "Hata mbwa inajua kunyamaza kwa matanga."

"Na huyu munamuchoma kwa sababu gani, mzee?"

"Huyu Mukongo alituma radi. Jana radi iliingia ndani ya nyumba ikachoma Acidri wetu na waya yake kwa masikio. Juzi juzi tu walikuwa wamegombana. Huyu alikata waya ya Acidri na panga. Muulize kama iko uwongo."

Serge alitema damu, akamtazama inspekta. "Nilikata, mama. Ile waya ilipita juu ya bati yangu. Bibi yangu akasema itatuletea radi. Lakini kutuma radi, mimi? Mutu mwenye kujua kutuma radi anaweza kukaa hapa na kuuza nyanya?"

Mtu mmoja alicheka. Mwingine akaukata mcheko huo kwa kumpiga Serge tumboni na mchi wa kinu.

Kutoka nyumba ya pili, viganja vilikuwa vikigonga mlango kwa ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa waya, na nyasi za paa la jikoni zilikuwa zimerundikwa kizingitini. Laurette, mke wa Serge, alikuwa humo.

"Moris," Driwaru aliita. "Fungua ule mlango. Mtoe mama nje. Halafu simama kwa huu mti, na mutu asiguse huyu."

Konstebo Moris alikwenda na bunduki yake. Alisukumwa, akarudisha msukumo kwa kitako cha bunduki, mtu akaanguka ameshika pua. Laurette alitolewa akiwa hana sauti tena.

"Nani alipata maiti?" Driwaru aliuliza.

"Mwanangu Yangi, yule fundi wa sola," alisema Mzee Adriko. "Alikuja kusalimia binamu yake. Mvua ikamukuta njiani. Alipofika, alikuta mutu amekwisha kuungua. Ni yeye alitupigia simu. Sasa amerudi Koboko kuleta taa na spika ya matanga."

"Nataka kuangalia nyumba. Kama ni radi, nitaandika radi."

"Andika. Lakini tunazika leo. Kabla jua haijazama mutu atajibu. Kama hakuna mwingine, Mukongo iko hapa."

*

Acidri alikuwa karani mstaafu wa shule ya sekondari, na Pajulu yote ilijua mchezo wake. Alikuwa na leseni ya serikali ya kurusha redio, imetiwa kwenye fremu kama picha ya harusi. Redio alijiundia mwenyewe ndani ya kopo la majani ya chai, akaipa chakula kwa betri ya pikipiki. Nguvu yake haikuzidi ya balbu ya tochi. Kwa nguvu hiyo, na kwa kidole kimoja juu ya kipande cha msumeno wa chuma, aligonga herufi kwa nukta na vistari kwa watu asiowahi kuwaona. Ukutani kulikuwa na kadi zao za posta: Brazili, Ufini, Japani. Mtu mwenye mashine kubwa hupiga kelele, alikuwa akisema, na kila mpumbavu husikiwa akipiga kelele. Yeye alitaka asikiwe akinong'ona.

Sasa alilala kwenye mkeka katikati ya chumba hicho, shuka hadi kidevuni. Mkewe Ayikoru alikaa kando yake, miguu imenyooka.

"Pole, mama."

"Karibu. Kiti iko pale."

Driwaru hakukaa. Alipiga magoti, akafunua shuka. Ngozi ilikuwa imeungua kuanzia bega hadi sikio, nyeusi mahali, nyekundu mahali, na nywele za upande huo zilikuwa zimejikunja kuwa majivu. Aliinama akanusa. Kisha akaingiza vidole chini ya kichwa na kukiinua. Kisogoni, penye nywele zilizoungua, kidole chake kilizama.

Aligeuza kichwa kwenye mwanga. Lilikuwa shimo, na halikuwa la mviringo. Lilikuwa na kona.

"Mama, mafuta ya taa munaweka wapi?"

"Hatuna. Tunatumia sola."

"Mzee iko ananuka mafuta ya taa."

Ayikoru alimtazama, akanusa, akageuza uso. "Toka jana nanusa. Nilifikiri radi inanuka hivyo."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Soko ya Arua, na dagaa zangu. Nilirudi na mvua."

"Wingu ikitokea, mzee alikuwa anafanya nini na hii redio?"

Kwa mara ya kwanza mjane alitabasamu kidogo. "Huyu? Aliogopa radi kuliko mbuzi. Wingu bado iko Congo, yeye amekwisha chomoa waya. Anatupa nje kwa dirisha, anatoa chupa ya asali nje, anatia ncha ndani yake. Hata nikimucheka, hasikii."

Driwaru alikwenda dirishani. Chini, juu ya tofali, chupa nene ya asali ilisimama, imejaa maji ya mvua hadi shingoni. Ndani yake hakukuwa na ncha ya waya. Alifuata waya kwa macho: ulishuka kutoka mkaratusi, ukapita dirishani, ukarudi mezani, ukaingia kwenye kopo la chai na kukazwa.

Basi Acidri aliuchomoa kabla ya mvua. Asingeitoa chupa nje bure. Na mtu mwingine aliurudisha baadaye, ili radi ipate njia ya kupita.

Aliinamia kiungo. Pale waya ulipoingia kwenye kopo palikuwa pamevikwa ukanda mweusi wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa na kukazwa, mwisho wake umekatwa kwa mshazari na kusokomezwa chini. Aliubonyeza kwa ukucha. Ulikuwa laini, mzima, kama uliokatwa jana. Kopo lilikuwa na masizi kwa nje tu.

"Hii redio inaweza kuwaka?"

Ayikoru alisogea bila kuinuka, akashikanisha waya za betri, akageuza kifundo. Kwenye vipokea sauti vilivyolala mezani kulisikika mchirizo kama mvua juu ya mgomba.

"Radi ingepita hapa, huu mpira ungekuwa maji na hii redio ingekuwa jiwe," Driwaru alisema. "Huu mpira mzee aliuvika yeye?"

"Hapana. Anachukia mpira. Anasema inashika jasho, inaozesha shaba. Yangi ndiye anavika mpira kila kitu. Kazi yake inapanda lori, inaenda mpaka Sudan, barabara inatikisa. Kila akija hapa anavika, akienda mume wangu anavua. Anamwambia, 'Binamu, nyumba yangu haiko kwa lori.' Wanacheka." Macho yake yalikwenda kwenye kiungo, yakakaa hapo.

Driwaru alitazama ukuta juu ya meza. Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Hapa kunakaa nini?"

"Nati ya lori, kubwa, imefungwa kamba ya kuvulia samaki. Akitaka kupandisha waya juu ya mti, anairusha."

"Iko wapi?"

"Ilikuwa hapo."

"Hizi siku za karibuni alikuwa na neno?"

Ayikoru alisema polepole sana. "Alienda Koboko kwa mjomba, na redio kwa begi, kama kawaida yake. Akasikia kelele ndani ya redio. Kama mbu kwa sikio. Mutu wa nguvu ndogo hapendi kelele, inamumeza. Akatengeneza kitanzi ya waya, akashika mkononi, akafuata kelele mpaka kwa mlango moja. Aliporudi hakula. Akasema, 'Kelele nimepata. Zile sola na betri zilizoibwa kwa kituo ya afya, ziko pale zinachajiwa. Mwenyewe ni wetu. Nitamuita aseme kwa mdomo yake kabla sijaenda polisi.' Mimi sikuuliza nani." Alifungua mdomo, kilio kikaja.

Driwaru aliufunika mdomo huo kwa kiganja. "Bado, mama. Ukilia sasa, wataingia kuuliza."

Machozi yalimlowesha vidole, lakini sauti haikutoka.

Aliuvua ukanda wa mpira kwa uangalifu, ukabaki umejikunja kama ulivyokuwa umevikwa, akautia kwenye bahasha. Nje kulikuwa na mzee mwenye panga, na mwanawe alikuwa na simu. Akilitaja jina hapa, kabla ya kumshika, jina lingefika Koboko kabla ya gari, na kutoka Koboko mtu huchagua tu mpaka anaoutaka, Congo au Sudan.

Alitoka. "Mzee, naenda kuleta daktari," alidanganya.

"Leta. Jua hainiulizi mimi."

*

Dereva Zubeiri alikuwa mzaliwa wa Koboko, hivyo alijua kichochoro cha kupita. Duka la Yangi lilikuwa limefunguliwa wazi. Yangi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli, shati safi, akiunga waya wa spika. Kando yake chuma cha kulehemu kilikuwa kikifuka moshi juu ya bati.

"Afande dada, karibu. Namalizia spika ya matanga. Mzee ametulia?"

"Anakungoja." Driwaru alisimama mlangoni, Zubeiri akaingia hadi kaunta. "Jana mvua ilikukuta wapi?"

"Hapo Maracha. Nililowa mpaka mfupa."

"Ulipofika Pajulu uligusa nini?"

"Nani atagusa kitu? Mutu akipigwa na radi, radi bado iko ndani ya nyumba. Nilisimama kwa mlango nikaita watu."

Wakati akisema hayo, vidole vyake vilichukua ukanda wa tyubu kutoka kwenye kopo, vikauzungusha kwenye kiungo cha spika, vikakaza, vikakata mwisho kwa mshazari, vikausokomeza chini. Hakuvitazama. Vilifanya kazi peke yake, kama ulimi unavyolamba mdomo.

Driwaru alifungua bahasha na kuweka ukanda wa Pajulu juu ya spika, kando ya ule mpya.

"Basi huu ulijivika wenyewe," alisema.

Vidole vikasimama.

Mkono wa Yangi ulishuka chini ya kaunta, ukapanda na chupa ya maji ya betri, asidi tupu, akaimwaga yote kifuani kwa Zubeiri. Zubeiri alipiga ukelele uliofika barabarani. Driwaru alikuwa ametoa bastola nusu tu wakati Yangi alipompiga begani kwa bomba la chuma. Bastola ikaanguka, mkono wake ukafa ganzi. Yangi alimrukia. Walianguka pamoja juu ya masanduku ya balbu, vioo vikapasuka chini ya mgongo wa Driwaru. Alihisi waya ukizungushwa shingoni, fundo likikazwa kwa mikono iliyozoea kukaza. Duka likaanza kuwa jeusi pembeni.

Mkono wake mzima ulipapasa kwenye bati. Ukapata mpini wa mbao.

Alikikandamiza chuma cha kulehemu kwenye kiganja cha Yangi na kukishikilia hapo. Nyama ikaungua kwa mlio. Yangi alinguruma, lakini hakuachia mara moja. Ilibidi Driwaru akisogeze chuma hadi kwenye kifundo cha mkono. Ndipo waya ulipolegea. Driwaru alimpiga kichwa usoni, akasikia pua ikivunjika, akampindua na kumfunga pingu huku akikohoa mate yenye damu.

Zubeiri alikuwa ameshavua shati na kuinamisha kifua chini ya bomba la uani. "Mwangalie huyo, afande," alisema, meno yamekazana. "Mimi niko sawa. Si niko sawa?" Ngozi ya kifua chake ilikuwa ikigeuka nyeupe. Hakuwa sawa.

Nyuma ya duka kulikuwa na stoo. Driwaru alivunja kufuli kwa lile bomba la chuma. Ndani, betri zilipangwa hadi kiunoni, na kila moja ilikuwa na alama ya rangi ya buluu ya kituo cha afya kilichoibiwa. Mashine ya kuchaji ilikuwa ikivuma kwa sauti nyembamba, kama mbu.

Ndani ya begi la vifaa la Yangi, kati ya bisibisi na spana, alikuta nati ya lori, pembe sita, imeoshwa vizuri. Kipande cha kamba ya kuvulia kilikuwa bado kimefungwa.

"Kwa nini hukuitupa?"

Yangi alilala ubavu, damu ikimtoka puani. "Ni nati nzuri," alisema.

"Acidri alikuita uongee."

"Nilimuomba anyamaze. Akaniambia redio ndogo ni ya mutu anayejua kusikiliza, na yeye amesikia, hawezi kujifanya kiziwi. Akageuka kutoa waya nje, kwa sababu ya wingu. Mimi nati ilikuwa mbele ya macho." Alipangusa pua kwa bega. "Halafu radi ikapiga, mbali huko. Kwa begi nilikuwa na mafuta ya taa ya kuosha vifaa. Nikafikiri: radi haina ukoo. Wajomba watakuja, watauliza, watamudai nani? Watarudi nyumbani. Mukongo hakuwa ndani ya akili yangu. Mukongo aliwekwa na baba."

*

Driwaru alimwacha Yangi kwenye selo ya Koboko, na Zubeiri hospitalini, akaendesha gari mwenyewe kwa mkono mmoja. Njiani simu ililia. Ilikuwa sauti ya Moris, imejaa mate. "Afande, wamenipokonya bunduki. Wanamwaga petroli tena."

Alipofika Pajulu, jua lilikuwa limegusa migomba. Moris alikuwa ameketi chini, paji la uso limepasuka. Laurette alikuwa amemkumbatia mumewe pale kwenye mkaratusi, naye amelowa petroli sawasawa na yeye, na hakuna aliyeweza kumbandua. Mtu mmoja alishika kiberiti. Mzee Adriko alikuwa amesimama, panga mkononi.

"Jua imeisha, afande. Daktari iko wapi?"

Driwaru alimwendea hadi akasimama kati yake na mti. Shingo yake ilikuwa na mstari mwekundu, sauti ikatoka imekwaruzwa.

"Hakuna radi, mzee. Radi hainuki mafuta ya taa. Radi haitoboi kichwa na kona sita." Akaweka nati kwenye kiganja cha mzee. "Acidri alipigwa na hii kisogoni. Halafu mutu akamuchoma, akarudisha waya ndani ya redio, ili nyinyi muje kuuliza mukose wa kujibu."

Manung'uniko yalipita kwa watu kama upepo kwenye mtama. "Nani?" sauti ziliuliza. "Taja."

"Hii alivika kwa ule waya alipokuwa anaurudisha." Akaufungua mkono mwingine.

Mzee Adriko aliutazama ukanda wa mpira. Aliutazama mwisho wake, uliokatwa kwa mshazari na kusokomezwa chini. Kisha akateremsha macho kwenye panga lake. Mpini wake ulikuwa umevikwa tyubu ya baiskeli kuanzia juu hadi chini, ili usiteleze mkononi mwa mzee, kazi safi ya mtoto anayempenda baba yake. Mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa mshazari.

Mwenye kiberiti alikirudisha mfukoni bila kuambiwa.

"Iko hai?" mzee aliuliza, chini chini.

"Iko hai. Nimemuchoma mkono, nimemuvunja pua. Iko hai, kwa selo."

Mzee aliinua panga. Watu walirudi nyuma. Laurette alifumba macho. Panga likashuka, likakata kamba ya ng'ombe, na Serge na mkewe wakaanguka pamoja kifudifudi kwenye udongo uliolowa petroli. Hakuna aliyewasaidia kuinuka, na hakuna aliyewazuia.

Mzee Adriko akarudi kwenye kiti chake karibu na kaburi. Kwa kucha zake alianza kuubandua mpira kwenye mpini wa panga, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mbao ikabaki uchi.

"Sisi ni wajomba," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Tulikuja kuuliza. Sasa nani atatuuliza sisi?"

Mlangoni pa nyumba ya Acidri, Ayikoru alikuwa ametoka nje. Hakuwa amelia bado. Alivuka ua, akapita katikati ya wanaume waliokuwa wakimpisha mmoja mmoja, akasimama mbele ya mzee.

"Mimi," alisema. "Kaa hapo hapo, mjomba. Mimi ndiye nitauliza."